Kifaa changu chasema 2, kobe kafumba macho: tunapimaje UV ya taa bila mita ya bei?

MjukuuWaMjiWaKale
Assalamu aleikum, habari zenu waungwana.

Nina kobe jike wa madoa, wale wenye mgongo wa manjano na weusi, kwa wataalamu Stigmochelys pardalis. Jina lake Mwanakombo. Alikuwa wa marehemu babu, akaishi miaka na miaka kwenye ua wa nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, na kibali chake babu alikiweka bahasha moja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Ua ule hatunao tena. Sasa tuko ghorofa ya tatu hapa Tudor, roshani imetazamana na ukuta wa jirani, na jua likiingia ni la nusu saa, tena la mshazari. Masika ya mwaka jana alikaa karibu wiki tatu bila kuliona jua hata kidogo.

Nikamnunulia taa. Si ya joto, ni ile tyubu ndefu inayotengenezwa kwa ajili ya kobe na mijusi, inayotoa UVB, ile sehemu ya mionzi ya jua anayoihitaji kobe kutengeneza vitamini D3. Taa nimeipata, ila nitajuaje inatoa kiasi gani? Mionzi ya urujuanimno (UV) haionekani kwa jicho. Tyubu inaweza kuwaka nyeupe pe na isitoe chochote cha maana, au itoe kupita kiasi.

Mita inayosifiwa na wafugaji duniani ni Solarmeter 6.5, inayosoma moja kwa moja UVI, ile namba ya ukali wa UV mnayoiona kwenye utabiri wa hali ya hewa. Bei yake ni zaidi ya dola 200, na ukiongeza usafiri na ushuru unazungumzia zaidi ya shilingi elfu thelathini. Sina. Nikaamua kujiundia. Nilinunua sensa ya GUVA-S12SD, kadude kadogo kama ukucha, chini ya shilingi elfu mbili, nikaiunga na Arduino, kile kiubao cha kielektroniki cha kujifunzia, ya mdogo wangu anayesoma ufundi. Mwezi wa tatu, siku ya jua kali, nikaenda nayo ufukweni Mama Ngina saa sita na nusu mchana. Utabiri ulisema UVI ni 12, nami nikakipanga kifaa: volti hizi ziwe 12, sifuri iwe sifuri.

Nikarudi nyumbani nikapima taa. Sentimita 30 kutoka kwenye tyubu, kikasoma 0.8. Nilikuwa nimesoma kwamba kobe wa aina hii anataka kati ya 1 na 3. Nikaishusha taa hadi sentimita 12 juu ya mgongo wake, kikasoma 2.2. Nikaridhika kabisa, nikaenda zangu kazini.

Siku ya nne nilimwekea matembele. Alikuja hadi kwenye sahani kwa kunusa, akasimama, kisha akauma ukingo wa sahani badala ya jani. Nikamwinua. Kope zote mbili zimevimba na kushikana, na kwenye pembe ya jicho la kulia palikuwa na machozi yaliyokauka kama gundi. Niliizima taa pale pale. Tabibu wa mifugo akampa dawa ya matone, na leo ni siku ya sita, jicho la kushoto limefunguka.

Nimeumia sana, kwa sababu nilidhani nimefanya jambo kwa vipimo. Naomba mnieleze nilipokosea, na je, ipo njia ya mtu wa kipato cha kawaida kupima taa hizi kwa uhakika?

BiMwana_Likoni
Pole sana mwanangu, na pole kwake Mwanakombo. Mie wangu wawili wanalala kibandani nyuma ya nyumba, jua wanalipata mpaka wanajificha, taa sijapata kuzijua. Lakini nauliza: hilo jua la nusu saa la roshani huwezi kulipitisha dirishani akalipata akiwa ndani? Na wale kobe wakubwa wa Haller Park, ile bustani ya wanyama, mbona hawana taa na wanaishi mpaka wanaitwa Mzee?

MjukuuWaMjiWaKale
Shukrani bi mkubwa. Dirishani haisaidii, nililijaribu kabla ya taa. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga na joto na sehemu kubwa ya UVA, lakini UVB inakwama karibu yote. Akikaa nyuma ya kioo anapata joto bila kile anachokihitaji. Ni vivyo hivyo kwa yale mabati ya plastiki angavu ya polikaboneti yanayoezekwa kwenye mabanda.

Wale wa Haller Park, na yule Mzee aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya 2004, ni kobe wa Aldabra wanaoishi nje mchana kutwa. Wanajiamulia wenyewe: jua likizidi wanaingia kivulini au matopeni. Mwanakombo hana pa kujichagulia. Mimi ndiye ninayemwamulia, na ndipo nilipomwumiza.

FundiSaketi_Changamwe
Ndugu, kwanza sensa yako ni nzima na uungaji wako hauna kasoro. Kosa liko kwenye kile unachokidhani inakipima. Vumilia nieleze kirefu, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoangukia.

UVB ni mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hadi 315. Ngozi ya kobe hutengeneza vitamini D3 kwa kipande hicho tu, na inafanya kazi vizuri zaidi karibu na 297. UVA ni kuanzia 315 hadi 400. Sensa yako ya GUVA inaona kuanzia 240 hadi 370. Maana yake inaona UVB pamoja na kipande kikubwa cha UVA, inavijumlisha, inakupa volti moja. Haijui kutenganisha.

Sasa angalia jua. UV ya jua inayofika ardhini ni UVA takriban asilimia 95. Uliposimama Mama Ngina ukaiambia sensa "hizi ni 12", zile volti karibu zote zilikuwa za UVA. Ukaja nayo nyumbani chini ya tyubu. Tyubu ya kobe imetengenezwa iwe na UVB iliyokolea na UVA chache ukiilinganisha na jua. Sensa ikaona UVA chache, ikasema "hapa padogo, 0.8". Lakini ile sehemu inayochoma macho ilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko ilivyokuambia.

Ni kama mtu aliyezoea kukisia ukali wa mchuzi kwa wekundu wake. Kwenye mchuzi wa nyanya nyumbani kwao anapatia kila siku. Mpe achari ya ndimu ya pilipili mbichi, ya kijani kibichi, ataona haina wekundu, ataijaza kijiko.

Na tazama upande wa kosa lenyewe. Kifaa kilichopangwa kwa jua kikipelekwa kwenye taa ya UVB kinasoma chini ya ukweli. Mwenye kobe anaisogeza taa karibu. Kwa hiyo kosa hili daima linamwelekea mnyama. Afadhali kukosa kifaa kuliko kukiamini hivyo.

Yale madude ya bei nafuu yanayouzwa mtandaoni, yenye kioo cha namba na yaliyoandikwa nanomita 290 hadi 390, ni ugonjwa ule ule. Shanga zinazobadilika rangi juani nazo hubadilishwa zaidi na UVA. Na programu za simu haziipimi UV kabisa. Simu za kawaida hazina sensa hiyo, programu zinasoma utabiri wa hali ya hewa tu.

Lakini usikitupe kifaa chako. Kina kazi mbili za maana.

Ya kwanza ni jaribio la kioo. Pima taa, kisha weka kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 4 katikati ya sensa na taa, upime tena bila kusogeza chochote. Kama taa ni ya UVA tupu, namba itapungua kidogo tu, ile sehemu ndogo inayorudishwa na uso wa kioo. Kama ina UVB ya kutosha, namba itaporomoka. Jaribio hili halikuambii ni kiasi gani, kwa kuwa kioo kinakula na baadhi ya UVA fupi pia. Linakuambia UVB ipo au haipo, na kwa taa zinazouzwa mitaani hilo peke yake linaokoa pesa.

Ya pili ni kufuatilia uchakavu. Tyubu hupoteza UVB miezi na miezi ilhali mwanga wake unaonekana vile vile. Iwashe, ngoja dakika 20 ipate moto, pima mahali pale pale, urefu ule ule, andika tarehe. Rudia kila mwezi. Namba yenyewe haina maana, kushuka kwake ndiko kuna maana. Ikifika asilimia 70 ya siku ya kwanza ujue muda wa kubadilisha unakaribia. Na usingoje mpaka mwisho, kwa sababu kioo cha tyubu kikizeeka huzuia mawimbi mafupi kuliko marefu, yaani UVB hutangulia kufa na kifaa chako hakitaona yote.

MjukuuWaMjiWaKale
Fundi, nimesoma mara tatu. Ule mfano wa achari umeniingia. Kwa hiyo pale sentimita 12 alikuwa anapata ngapi hasa?

FundiSaketi_Changamwe
Siwezi kukutajia bila mita ya kweli. Kwa tyubu za nguvu zile, kwa umbali huo, sitashangaa ikipita 10. Na jua la 10 linampiga kutoka juu, kope na paji la uso vinamkinga. Taa yako iliyo chini hivyo inamwingia machoni kwa ubavu. Umeifunga juu yake au pembeni?

MjukuuWaMjiWaKale
Pembeni kidogo, kwenye mguu wa meza. Allah anisamehe.

Ustadh_Kisauni
Amin. Na usijilaumu kupita kiasi, umeuliza mapema.

Nataka niongeze njia isiyo na gharama, ila ni ya kupima jua, si taa. Nyinyi mlio na paa la kuanikia nguo au uwanja wowote chini, itawatosha sehemu kubwa ya mwaka.

Ukali wa UVB hutegemea zaidi jua liko juu kiasi gani, na hilo kivuli kinakuambia. Chukua kijiti cha mshikaki, kikate kiwe sentimita 10, ukisimamishe wima kwenye kipande cha ubao ulio sawa. Siku ya mbingu safi hapa kwetu pwani:

kivuli kikiwa mara tatu ya kijiti, UVI iko karibu na 1;
kikiwa mara mbili, iko karibu na 2;
kikiwa sawa na kijiti, umeshaingia 5 hadi 6;
kikiwa nusu yake, usimwache kobe bila kivuli hata dakika chache.

Sisi wa madhehebu ya Shafi hatuhitaji hata kijiti jioni, kwa kuwa ndicho kipimo cha Alasiri: kivuli cha kitu kiwe sawa na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwepo jua lilipopinduka. Jua hupita utosini mwa Mombasa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo mlingoti hauna kivuli adhuhuri, kwa hiyo adhana ya Alasiri ikilia UVI bado iko kwenye 5 au 6. Mwezi wa sita jua liko kaskazini, kivuli cha adhuhuri ni kama nusu ya kitu, basi Alasiri inaingia jua likiwa chini zaidi na UVI ni kama 3. Kwa hiyo adhana haina namba moja mwaka mzima, lakini kijiti kinayo.

Asubuhi ni hesabu ile ile kinyumenyume. Mwezi wa tatu kivuli huwa mara mbili takriban saa mbili na robo, na huwa sawa na kijiti saa tatu na nusu. Kati ya hapo ndiyo saa nzuri ya kumshusha kobe. Mawingu yakiwepo UVI mara nyingi hupungua na kijiti hakitakuambia kwa kiasi gani.

BiMwana_Likoni
Ustadh umenifungua. Wangu saa tatu asubuhi wako nje wote wawili, saa nne huwaoni. Hawana kijiti na wanajua.

Mkaazi_Mtwapa
Na mimi nitoe ushuhuda wa jaribio la kioo, nimelifanya usiku huu kwa sensa ya rafiki yangu. Taa yangu niliinunua mjini kwenye duka la vifaa vya umeme. Nilisema nataka taa ya UV, nikapewa tyubu nyeusi ya zambarau. Niliijaribu mwenyewe kwa noti ya elfu moja, nyuzi zikawaka vizuri, nikasema hii ndiyo. Miezi saba kobe amekaa chini yake.

Bila kioo sensa imesoma 1.9. Kwa kioo, 1.7. Yaani hakuna kitu. Ni taa ya kuchungulia noti bandia, UVA tupu.

Gamba la kobe wangu sehemu ya pembeni, nikibonyeza kwa kidole gumba, linabonyea kidogo na kurudi. Nilidhani ni kwa sababu bado mdogo. Sasa nimeogopa.

TabibuWaMifugo_Kilifi
Mkaazi, mpeleke kwa daktari wiki hii, usingoje. Gamba la kobe wa miezi michache lina ulaini wake wa kawaida, lakini maelezo yako pamoja na miezi saba bila UVB yanataka uchunguzi, na ikiwezekana eksirei.

Niseme kwa ufupi kinachotendeka. UVB ikipiga ngozi, D3 inaanza kutengenezwa. Ini na figo vinaimalizia, kisha mwili unaweza kufyonza kalsiamu ya chakula. Bila hiyo hata ukimlisha kalsiamu nyingi inapita tu, na mwili unaenda kuiiba kwenye mifupa. Miguu inakosa nguvu, taya linalegea, gamba linakuwa laini, na jike anaweza kushindwa kutaga. Vidonge vya D3 visitumiwe kwa kukisia, kwa kuwa ya mdomoni inaweza kuzidi na kudhuru, ilhali ile ya ngozini mwili wenyewe hujizuia: ikitosha, ziada hugeuzwa kuwa kitu kisicho na kazi.

Kalsiamu hapa pwani tunayo bure. Ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufuoni, uloweke maji baridi siku mbili ukibadilisha maji ili chumvi itoke, ukaushe, uuache karibu na chakula. Atautafuna mwenyewe akihitaji.

Mjukuu, namba uliyoisoma ya 1 hadi 3 ina asili yake. Mwaka 2010 Gary Ferguson na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya UVI walivyovichukua pale pale walipowakuta mijusi na nyoka wakiwa porini, wakagawa mafungu manne. Fungu la 3, ambamo kobe wengi wa maeneo ya wazi huwekwa, wastani wake ni 1.0 hadi 2.6. Neno la kushika hapo ni wastani wa siku, wa mnyama anayekwenda na kurudi kivulini. Hakuna aliyesema awekwe chini ya 2.6 masaa kumi na mbili bila pa kukimbilia. Nusu ya boksi lako iwe na kivuli cha sifuri.

Mambo mengine mawili. Macho kuvimba si lazima iwe taa. Upungufu wa vitamini A na maambukizi nayo hufanya hivyo, kwa hiyo ulifanya vyema kumpeleka. Na kwa wanaosoma kimya kimya: kobe ni mnyamapori kwa sheria ya Kenya ya 2013. Kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa, hata kama ulimwokota barabarani ukamhurumia. Tafadhali msiokote.

Ustadh_Kisauni
Daktari, wengi husema gamba linalopanda vilima vilima ni dalili ya kukosa UV. Ni kweli?

TabibuWaMifugo_Kilifi
Mara nyingi hapana. Utafiti wa 2003 kwa makobe wadogo wa Sahel ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndiyo sababu kubwa. Waliokuzwa kwenye unyevu walikuwa na gamba laini zaidi. Kwa hewa ya Mombasa mna bahati, isipokuwa kobe anayeishi kwenye chumba chenye kiyoyozi.

MjukuuWaMjiWaKale
Waungwana, ni wiki ya tatu tangu nianzishe uzi. Naleta majibu.

Kwanza, Mwanakombo anaona kwa macho yote mawili. Jana alinifuata toka chumbani hadi jikoni nikiwa na fungu la mchicha.

Pili, mmoja wetu anayeishi Diani, ambaye hakutaka nimtaje, alinitumia ujumbe wa faragha kwamba anayo Solarmeter 6.5. Jumamosi alivuka na feri nayo mfukoni, imefungwa kwenye soksi. Tulikaa sakafuni masaa mawili na tepu ya kupimia. Naandika namba zote, na zishikeni kama namba za tyubu hii yangu tu. Ya kwako itakuwa na zake.

Sentimita 12 ilisoma 11.3. Mahali ambapo kifaa changu kilisema 2.2. Nilikaa kimya kitambo. Kwa siku nne nilimweka kobe wangu chini ya jua la adhuhuri la mwezi wa tatu, linalotoka ubavuni, bila kivuli.

Sentimita 20 ilikuwa 6.6. Sentimita 30, 4.1. Sentimita 40, 2.7. Sentimita 50, 1.9. Hapo ni katikati ya tyubu; ukielekea ncha zake namba zinaanguka haraka, kwa hiyo ukipima pima katikati na pembeni.

Jambo ambalo sikulitarajia ni vumbi. Kipimo cha kwanza cha sentimita 30 kilikuwa 3.6. Mgeni wangu akasema zima, iache ipoe, ifute. Kitambaa kikavu cheupe kilitoka na mstari wa kijivu wenye kunata, ile chumvi ya bahari iliyochanganyika na vumbi la barabarani. Baada ya hapo ikasoma 4.1. Miezi miwili tu ya kutofutwa.

La pili ni wavu. Niliweka wavu wa mbu juu ya boksi ili mbu wasimsumbue. Kwa sentimita 40, chini ya wavu ilikuwa 1.7 badala ya 2.7. Nimeutoa juu, nimeweka waya wenye matundu makubwa.

La tatu ni urefu wa kobe mwenyewe. Nilikuwa nikipima kutoka sakafuni. Mgongo wa Mwanakombo uko sentimita 17 juu ya sakafu, kwa hiyo mtu anayefunga taa sentimita 40 kutoka chini ameifunga sentimita 23 kutoka mgongoni kwake. Pimeni mgongoni.

Sasa tyubu iko juu yake moja kwa moja, sentimita 40 kutoka mgongoni, nusu ya boksi ina kibao cha kivuli, na inawaka masaa manne, siku za mvua tu. Siku za jua tunapanda darini. Mwenye nyumba ameturuhusu sehemu ya kuanikia nguo, kuanzia saa mbili na robo hadi saa tatu, na mimi nakaa naye muda wote, kuna mwewe na kuna joto la saruji.

Ustadh, tulikipeleka kijiti chako darini pamoja na mita, mbingu ikiwa safi. Kivuli mara mbili: 1.9. Kivuli sawa na kijiti: 5.4. Mgeni wangu amekata cha kwake hapo hapo.

Fundi, nimefanya ulivyosema. Kifaa changu nimekifuta ile hesabu ya jua, sasa kinaonyesha volti tupu, na kwenye ukuta nimebandika karatasi ya tarehe.

FundiSaketi_Changamwe
Alhamdulillah. Umeona, 11.3 kwa 2.2, na 4.1 kwa 0.8. Zote ni kama mara tano. Ungeweza kuzidisha kwa tano ukaendelea, lakini ukibadilisha aina ya tyubu hiyo tano imekufa. Umefanya sahihi kuacha volti tupu.

Mkaazi_Mtwapa
Wangu amepigwa eksirei. Mifupa ya miguu imefifia lakini hakuna iliyovunjika. Ameandikiwa kalsiamu na jua la asubuhi kila siku, na nimeshakata kijiti. Taa ya noti nimemrudishia mwenye duka, nikamweleza kwa utulivu isiuzwe tena kwa mtu wa kobe. Na nimeziona nyingine hapo hapo zilizoandikwa za kuua vijidudu, za nanomita 254. Hizo ni hatari kwa macho ya watu na wanyama, msiziguse kabisa.

Ila nataka tyubu ya kweli kwa masika yajayo, na sitaki kukisia tena. Hii mita haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Tuko wangapi hapa wenye vibali, kuanzia Diani mpaka Kilifi? Tukiwa kumi ni shilingi elfu tatu tatu. Mtu anaihitaji mara mbili kwa mwaka.

BiMwana_Likoni
Mie sina taa na elfu tatu yangu natoa. Nani mweka hazina?

TabibuWaMifugo_Kilifi
Niandikeni. Mita ikae kwa mtu mmoja anayejulikana, iwe na daftari, anayeichukua aandike namba alizozipata na aina ya tyubu. Baada ya mwaka tutakuwa na vipimo vya taa zinazouzwa hapa kwetu, chini ya umeme wetu unaopanda na kushuka. Na isiachwe ndani ya gari juani.

Ustadh_Kisauni
Mjukuu ashike hazina na daftari. Ameonyesha kwamba anaandika hata yale yanayomwuma.

MjukuuWaMjiWaKale
Nimekubali. Tumefika saba, walionitumia ujumbe pembeni nimewahesabu. Wanaobaki waseme kabla ya Ijumaa.

Mkaazi, mwenye mita wa Diani anarudi mjini Jumamosi hii. Njoo hapa Tudor kabla ya adhuhuri, na kama umeshanunua tyubu uje nayo, pamoja na holda yake na waya wake ule ule utakaoutumia nyumbani. Uje na kobe pia, nataka tupime urefu wa mgongo wake.

Mkaazi_Mtwapa
Saa nne nipo, inshallah. Ana sentimita 6 tu.